Umepunguzwa Kazi Mara Mbili, Mara Tatu: Mwongozo Kamili kwa Watu wa Teknolojia Unguja na Pemba

Mara ya kwanza watu hukupa pole. Mara ya pili huuliza kulikoni. Mara ya tatu hawaulizi tena, na wewe mwenyewe unaanza kujijibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza: labda mimi sijui kazi, labda nilibahatisha tu tangu mwanzo.

Mwongozo huu ni wa mwandishi wa programu, mchora kurasa, mtu wa data au mtu wa huduma kwa wateja wa kampuni ya mtandaoni ambaye ameachishwa zaidi ya mara moja ndani ya miaka michache na yuko Unguja au Pemba. Nimewahi kupunguzwa, na siku hizi hukaa kwenye jopo la usaili, kwa hiyo nitasema ninayoyajua kwa pande zote mbili. Msimamo wangu ni mmoja: kujiamini hakurudi kwa kuhimizwa, kunarudi kwa ushahidi. Na ushahidi huwezi kuukusanya ukiwa hujui kodi ya nyumba itatoka wapi. Ndiyo maana naanza na makaratasi na pesa, moyo unafuata.

Hatua ya 1: Makaratasi kabla ya hasira

Kampuni nyingi za nje hukata barua pepe yako saa ileile unapoambiwa. Usipoteze siku kuandika waraka mrefu wa malalamiko. Tuma ujumbe mmoja wa adabu kutoka barua pepe yako binafsi, uombe vitu hivi:

- barua inayotaja wazi kwamba sababu ni kupunguza wafanyakazi, si utendaji wako wala nidhamu;
- barua ya kuthibitisha cheo chako na tarehe ulizofanya kazi;
- mchanganuo wa malipo ya mwisho: mshahara, siku za likizo ulizobakisha, notisi na kiinua mgongo;
- tarehe ambayo bima ya afya inakatika.

Barua ya kwanza ndiyo yenye thamani kubwa. Miaka miwili baadaye, mwajiri mwingine akiuliza, hutakuwa na haja ya kueleza. Utaitoa tu.

Kisha jua uko chini ya sheria ipi, maana hapa wengi wetu tunachanganya. Masuala ya kazi si ya Muungano. Ukiajiriwa na kampuni ya Zanzibar, sheria yako ni Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005, na pa kwenda ni Kamisheni ya Kazi. Ukiajiriwa na kampuni ya Dar es Salaam, hata kama kazi unaifanyia chumbani kwako Mbweni, mara nyingi mkataba unataja sheria ya Bara ya 2004. Hiyo inatoa kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, na malalamiko ya kuachishwa isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku 30 huisha upesi mno kwa mtu anayelala mchana.

Kundi la tatu ndilo gumu: wale waliosaini mkataba wa kutoa huduma na kampuni ya Ulaya au Marekani. Kwa karatasi wewe si mwajiriwa, na haki yako ni ile tu iliyoandikwa kwenye mkataba, kwa kawaida notisi ya wiki kadhaa. Usome upya mstari kwa mstari kabla hujakubali tarehe yoyote.

Pita pia ZSSF, au NSSF kama michango yako ilikuwa ya Bara, uchukue taarifa ya michango. Angalia kama kila mwezi uliokatwa uliwasilishwa kweli. Kampuni changa zikianza kuishiwa, mchango wa hifadhi ya jamii ni moja ya vitu vya mwanzo kuchelewa. NSSF ina fao la kukosa ajira. Uliza masharti yake dirishani kabla hujadai chochote kingine.

La mwisho hapa: usichukue msimbo (code) wa programu za kampuni. Chukua kumbukumbu zako tu: orodha ya kazi ulizomaliza na takwimu unazozikumbuka. Laptopu ya ofisi irudishe na upewe risiti.

Hatua ya 2: Hesabu ya miezi

Andika pesa ulizonazo, ugawe kwa matumizi ya mwezi. Jibu ni idadi ya miezi, na hiyo idadi ndiyo itakayoamua uvumilie kazi nzuri au ukamate ya karibu. Ukiwa na miezi miwili, mipango ya kusomea fani mpya kwa mwaka mzima iweke kando kwanza.

Kwetu hapa matumizi yana mafungu matatu. La kwanza ni la kuishi: chakula, kodi, skuli za watoto, dawa. La pili ni la kutafutia kazi: bando, umeme, nauli ya daladala, pengine tiketi ya boti. La tatu ni la watu: harusi, hitma, michango, mdogo wako aliye chuoni. Watu wengi wakibanwa hukata la pili kwanza kwa sababu halina wa kulilalamikia. Hilo ndilo lisilokatwa. Laptopu yako binafsi haiuzwi, hata ikiwa ndiyo kitu pekee chenye bei ndani ya nyumba.

Kama unajenga, mwambie fundi asimame leo, si mwezi ujao. Nyumba ya Fuoni iliyofika kwenye linta itakusubiri, matofali hayaozi. Na fungu la tatu lipunguze kwa kusema mapema. Ukisema "mwezi huu nina elfu kumi tu, nipokeeni hivyo hivyo", watu hupokea. Ukinyamaza kisha ukakosekana kwenye mchango, ndipo maneno huanza.

Hatua ya 3: Kuwaambia nyumbani na barazani

Wapo wanaoamka asubuhi, wakavaa, wakatoka na mkoba kwenda kukaa Forodhani hadi jioni ili nyumbani wasijue. Siwacheki. Lakini siri hiyo inakula nguvu ambazo zingetumika kutafuta kazi, na mjini hapa haidumu: utaonekana tu na mtu wa shemeji yako.

Mwambie mkeo au mumeo siku ileile, na hesabu ya hatua ya pili mkononi. Wazee waambie kwa maneno machache, bila msamiati wa kazi. Mjomba akikuuliza "mbona siku hizi uko nyumbani, mwanangu?", jibu kama hili linatosha:

"Shikamoo mjomba. Kampuni imepunguza watu, na mimi nimo. Haki yangu wamenilipa, na nimeshaanza kutafuta. Niombee dua."

Halafu geuza mazungumzo. Usianze kueleza wawekezaji na bajeti. Ukieleza sana unaonekana unajitetea. Barazani hali kadhalika. Wa kahawa wa Jaws Corner hawahitaji ripoti, na ukiwapa sentensi moja iliyotulia watairudisha mtaani kama ulivyoisema.

Hatua ya 4: Kutenga lako na lisilo lako

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo ninayotaka uikalie kitako.

Chukua karatasi, uandike kila kazi iliyokwisha. Kwa kila moja jibu maswali manne: nani wengine waliondoka siku ile? Kampuni ilipata wapi pesa za kulipa mishahara? Tathmini yako ya mwisho ilisema nini, kwa maneno yake hasa? Timu yako ilikuwa inaingiza pesa au inatumia?

Ukiyajibu kwa ukweli, utaona mengi hayakuanza kwako. Benki kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu na sifuri mwanzoni mwa 2022 hadi zaidi ya asilimia 5 katikati ya 2023. Pesa za wawekezaji, ambazo zilikuwa rahisi, zikawa ghali. Novemba 2022 Meta ilitangaza kupunguza watu 11,000. Januari 2023 Google ikatangaza 12,000, Microsoft 10,000, na Amazon zaidi ya 18,000. Kampuni changa za Afrika zilikuwa zinakunywa kisima kilekile. Copia ya Kenya, iliyokuwa ikifikisha bidhaa hadi vijijini, iliwekwa chini ya wasimamizi Mei 2024. Katika upunguzaji wa namna hiyo, orodha hutengenezwa kwa kufuta timu nzima, au kwa kuangalia mishahara, au kwa kuondoa walioingia mwisho. Aliyeitengeneza mara nyingi hajawahi kuisoma kazi yako.

Lakini usiishie hapo, maana kujiondolea lawama zote nako ni kujidanganya. Ukiweka kazi tatu kando kwa kando, mara nyingi kuna kitu kinachojirudia. Labda zote zilikuwa kampuni zinazoishi kwa pesa za mwekezaji, bila mteja anayelipa vya kutosha. Labda mara zote uliwekwa kwenye timu ya majaribio. Labda kila mara ulikuwa mgeni wa miezi michache, kwa sababu kila kampuni uliingia mwisho. Hayo si aibu, ni mwelekeo wa uchaguzi, na uchaguzi unabadilishika. Kutokana na karatasi hiyo yatoke maswali utakayomwuliza mwajiri anayefuata:

- Pesa mlizonazo zinatosha miezi mingapi kama hakuna mwekezaji mpya?
- Timu nitakayoingia inahudumia mteja anayelipa, au bidhaa isiyotoka bado?
- Mmepunguza watu ndani ya miaka miwili iliyopita? Mlichaguaje?

Msailiwa akiniuliza hayo kwa upole, mimi namwona mtu mzima. Bosi anayekasirikia swali la kwanza ameshakujibu.

Kama tathmini zako mbili tofauti zinataja kasoro ileile, tuseme kuchelewesha kazi au kutowasiliana, hiyo ni yako. Iandike chini kabisa ya karatasi. Moja tu. Itashughulikiwa katika hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Kazi ndogo yenye mtu wa kuitumia

Vyeti vya mtandaoni havitakurudishia moyo. Vina faida yake, ila ukiwa umevunjika moyo cheti cha saba kinakuwa pa kujificha. Kinachorudisha moyo ni mtu halisi anayekupigia simu saa mbili usiku kwamba kitu chako hakifunguki, kisha ukakitengeneza, kikafunguka.

Visiwa hivi vimejaa kazi za namna hiyo. Nyumba ya wageni ya vyumba vitano Jambiani inapokea wageni kwa WhatsApp, kwa simu na kupitia tovuti mbili za kuhifadhi vyumba, na daftari liko mapokezi. Wageni wawili wanafika na chumba ni kimoja. Mwenye duka la vipuri Mwanakwerekwe hajui kipi kimeisha mpaka mteja akiulizie. Mtembeza wageni wa Kizimkazi anaandika majina ya watu wa boti kiganjani. Na wengi wa namna hiyo wanatakiwa kutoa risiti za ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, kwa mfumo wake wa kielektroniki, VFMS. Mtu anayeweza kuunganisha mauzo ya hoteli na risiti hizo bila mhasibu kuandika mara mbili anatafutwa, na kijana wa Berlin hawezi kumshinda kwa hilo, kwa sababu hajawahi kukaa kwenye ile ofisi ya nyuma akaona jinsi kazi inavyokwenda.

Namna ya kuanza ni hii. Chagua mtu mmoja unayemfahamu. Nenda ukakae dukani kwake nusu siku bila kufungua laptopu. Tazama tu nini kinaandikwa mara mbili. Mwahidi kitu kimoja kidogo, kwa tarehe. Mtoze pesa, hata kidogo, kwa sababu cha bure hakitumiwi na hakilalamikiwi, na wewe unahitaji malalamiko. Kama kasoro uliyoiandika chini ya karatasi ni kuchelewesha, tarehe hiyo ndiyo dawa yake: itimize, hata kama kitu kinatoka kidogo kuliko ulivyotaka.

Majira nayo yaangalie. Wenye hoteli za Paje na Nungwi hawana nafasi ya kukusikiliza Julai na Agosti. Masika, kati ya Machi na Mei, wageni ni wachache na mwenye hoteli yuko tayari kukaa na kunywa chai. Pemba, pesa huzunguka zaidi karafuu zikivunwa. Ukimtengenezea kitu mwenye duka wa Chake Chake au Wete, panga malipo yake yaangukie msimu huo. Chambilecho wazee, mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Moyo ukikataa kabisa kuamka, yaani hulali, huli, huna hamu ya swala wala ya watoto, na wiki zinapita, hilo si suala la kazi tena. Nenda hospitali. Jina la Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili, limefanywa mzaha mtaani kwa miaka, na mzaha huo umewazuia watu wengi kutibiwa. Sonona ina tiba, na daktari wa kawaida anaweza kukuanzishia safari.

Hatua ya 6: CV yenye vipande vifupi

Ninapopokea CV yenye kazi tatu za miezi minane-minane bila maelezo, najiuliza. Ikiwa na maelezo ya maneno matatu, sijiulizi. Tofauti yenyewe ni hii.

Hivi inavyoandikwa mara nyingi: "Injinia wa programu, Februari 2022 hadi Novemba 2022. Nilihusika na maendeleo ya mfumo wa malipo."

Hivi ingekuwa bora: "Injinia wa programu, Februari hadi Novemba 2022 (timu nzima ilifutwa). Niliandika sehemu inayolinganisha malipo ya simu na ya benki. Mhasibu aliyekuwa akifanya hivyo kwa mkono kila asubuhi aliacha kufanya."

Sababu imetajwa ndani ya mabano na mambo yameisha. Kazi imeelezwa kwa alichofanya na kilichobadilika kwa mtu fulani. "Nilihusika na" ifute kila unapoiona. Ile kazi ya Jambiani nayo iingie, kwa jina lake na tarehe zake, kama kazi kamili.

Kwenye usaili, ukiulizwa kwa nini umehama sana, jibu lisizidi pumzi mbili: "Kampuni mbili zilipunguza watu mwaka uleule, barua ninazo. Tangu hapo nimejenga mfumo wa vyumba unaotumika Jambiani, naweza kukuonesha sasa hivi." Usimseme bosi wa zamani hata kama anastahili. Kisha fungua ukioneshe; usisubiri kuombwa.

Hatua ya 7: Kutafuta

Anza na mliofanya kazi pamoja, hasa wale mliopunguzwa siku moja. Wametawanyika, na kila mmoja yuko ndani ya mlango ambao wewe uko nje. Usitume tangazo kwa watu mia. Tuma ujumbe kama huu kwa mmoja mmoja:

"Assalamu alaykum kaka, habari za masiku? Natumai familia hawajambo. Mimi nimepunguzwa mwezi uliopita, natafuta kazi ya mifumo ya malipo au ya hoteli. Sikuombi kazi, naomba uniambie kama hapo kwenu kuna mtu ninayeweza kuzungumza naye dakika kumi. Nilichojenga karibuni ni hiki hapa."

Kwa mtu aliyekuzidi umri, anza na shikamoo. Ni jambo dogo, lakini ujumbe wa kazi unaoanza na "mambo vipi" kwa mkubwa wako huishia hapo.

Serikalini, nafasi hutangazwa kwenye mfumo wa ZanAjira, na taasisi kama Mamlaka ya Serikali Mtandao zinaajiri watu wa fani hii. Usaili unachukua muda na mshahara huenda ukawa chini ya uliouzoea. Mtu aliyetikiswa mara tatu na mwenye watoto skuli asiudharau utulivu kwa sababu wenzake wa mtandaoni wanaubeza. Kwa anayetaka kampuni, mradi wa Silicon Zanzibar ulioanzishwa 2022 uliifanya Fumba kuwa pa kukutana na watu wa fani. Nenda kwenye mikusanyiko yao ukajulikane sura.

Kwa kazi za mbali, piga hesabu ya saa kabla ya mshahara. Majira ya baridi, saa tatu asubuhi ya London ni saa sita mchana kwetu, hiyo inawezekana. Saa nne asubuhi ya New York ni saa kumi na mbili jioni, na Ramadhani hapo unakaribia kufuturu. Sema mapema, kabla ya kusaini. Waoneshe pia kwamba umejipanga kwa kukatika kwa intaneti na umeme: Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika na nchi nzima ikapata shida ya intaneti, na wa Unguja wenye umri wangu hawajasahau giza la Desemba 2009 hadi Machi 2010. Laini za kampuni mbili tofauti na betri ya kutosha masaa kadhaa ni sehemu ya zana zako. Njia ya kupokea malipo ijaribu kwa kiasi kidogo kabla ya mwezi wa kwanza kuisha, na TIN iwe sawa, maana kodi ya mapato hata huku inakusanywa na TRA.

Akili mnemba (AI) imepunguza kazi za kuanzia, hilo ni kweli. Itumie, lakini jiuze kama mtu anayejua ilipokosea.

Hatua ya 8: Miezi ya mwanzo ya kazi mpya

Utaogopa kila mkutano wa ghafla. Kila meneja akiandika "tunaweza kuzungumza?" tumbo litakata. Hofu hiyo haitibiwi kwa kufanya kazi hadi usiku wa manane, kwa sababu kama ulivyoona kwenye karatasi, orodha hazitengenezwi kwa kuhesabu saa zako.

Fanya mambo matatu ya kawaida. Kila Ijumaa kabla ya swala, andika mistari mitatu ya ulichomaliza wiki hiyo, kwenye faili lako binafsi bila siri za kampuni. Hiyo ndiyo CV yako ijayo, na ndiyo jibu la tathmini. Weka pembeni sehemu ya kila mshahara hadi ifike miezi sita ya matumizi, kabla ya kumwita tena fundi wa Fuoni. Na yule mwenye nyumba ya wageni usimwache. Saa mbili tatu kwa mwezi zinatosha kumhudumia, ila hakikisha mkataba mpya haukukatazi kazi ya pembeni. Kama unakataza, omba kifungu hicho kirekebishwe kwa maandishi kabla ya siku ya kwanza, wakati bado wanakuhitaji usaini.